Intel: kampuni iliyoacha namba ikauza jina

STIKA ndogo iliyobandikwa chini ya kibodi ya kompyuta mpakato ina nguvu kubwa ya kupandisha bei. Mfanyabiashara anayeingia katika duka la kompyuta zilizotumika Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, huonyeshwa kwanza maandishi ya "Core i7", kisha ndipo anatajiwa bei. Akisita anasogezewa ya "Core i5". Akizidi kusita anapewa ya "i3", tena kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeomba kukopeshwa.

Wengi huondoka dukani wakiamini kwamba i7 ni bora kuliko i5, na i5 ni bora kuliko i3, basi. Si kweli kila mara, na gharama ya kutojua hilo inaweza kuwa kubwa kwa mwenye duka la pembejeo au chama cha msingi kinachotafuta kompyuta moja ya kutunzia hesabu.

Chukua kompyuta mbili zilizowekwa juu ya kaunta moja. Ya kwanza ina prosesa ya Core i7-7500U, iliyoingia sokoni mwaka 2016. Ya pili ina Core i5-8250U, ya mwaka 2017. Kwa jina, i7 ndiyo kubwa. Lakini i7 hiyo ina viini viwili tu vya kufanyia kazi, na ile i5 inavyo vinne.

Kuna zaidi ya hapo. Microsoft ilipotoa Windows 11 mwaka 2021, orodha ya prosesa za Intel inazozikubali rasmi ilianzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana za kizazi cha saba. Oktoba 14, 2025 kampuni hiyo ikasitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, ikabakiza mpango wa muda tu wa marekebisho ya usalama. Maana yake ni kwamba i7 ya kwenye kaunta imeachwa nje ya mlango, na i5 iliyo jirani yake imeingia.

Namna jina kubwa linavyoweza kukaa juu ya bidhaa ndogo ni habari ndefu. Ilianza wakati Intel haikuwa na majina kabisa, ila namba.

Namba haina mwenyewe

Intel ilianzishwa mwaka 1968 huko California, Marekani, na Robert Noyce na Gordon Moore. Wazo la kuunganisha majina yao ya ukoo lilikufa mapema, kwani "Moore Noyce" yakitamkwa kwa Kiingereza yanasikika kama "kelele zaidi", na kelele ndicho kitu ambacho fundi wa elektroniki hataki kukisikia katika mashine yake. Wakachagua Intel, ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya elektroniki zilizounganishwa. Kwa kuwa kulikuwa na kampuni ya hoteli iliyoitwa Intelco, walilipa dola 15,000 ili walitumie jina hilo bila ugomvi.

Kwa hiyo thamani ya jina waliijua tangu mwanzo. Ajabu ni kwamba bidhaa zenyewe hawakuzipa majina.

Prosesa ya kwanza, ya mwaka 1971, iliitwa 4004. Ilikuwa na transista 2,300 na ilitengenezwa kwa ajili ya mashine za kupigia hesabu za kampuni ya Japani, Busicom. Zikafuata 8008, 8080 na 8086. Ndugu yake 8086, yaani 8088, ndiyo iliyowekwa katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, na hapo soko likafumuka. Zikaja 286, 386 na 486.

Mkulima wa mahindi hatashangaa. Anajua H614 ni mbegu gani bila kuuliza maana ya namba hiyo, na dukani anaomba kwa namba. Kwa wahandisi mtindo huo ni safi: namba inapanda, bidhaa inaboreka, kila mtu anaelewa.

Tatizo ni kwamba IBM haikutaka kutegemea muuzaji mmoja. Kama mwenye kinu anayekataa kununua nafaka kwa mtu mmoja tu, iliitaka Intel iwaruhusu wengine watengeneze prosesa zilezile. Kampuni ya AMD ikawa mmoja wa walioruhusiwa. Matokeo yake 286 ilitoka katika viwanda kadhaa, na mnunuzi wa kawaida hakuona tofauti.

Kwa 386, iliyotoka mwaka 1985, Intel ilikataa kuwapa wengine ruhusa. Mwaka 1989 ilikwenda mbali zaidi: ikatoa matangazo yenye namba 286 iliyochorwa alama kubwa nyekundu ya X, kuwaambia wanunuzi waachane nayo wahamie 386. Ni mara chache kampuni hulipia tangazo la kuifuta bidhaa yake yenyewe. Lakini 286 haikuwa tena yake peke yake, na huo ndio uliokuwa uchungu.

AMD nao hawakulala. Wakatengeneza 386 yao. Intel ikakimbilia mahakamani kudai kwamba "386" ni alama yake ya biashara. Machi 1991 mahakama ya California ikaamua kwamba namba hiyo imekuwa jina la aina ya bidhaa, si alama ya mtengenezaji mmoja.

Mfanyabiashara wa unga ataielewa hukumu hiyo haraka kuliko wanasheria wengi. Hakuna awezaye kwenda BRELA akasajili neno "sembe" liwe lake peke yake, akawazuia wengine kuliandika kwenye mifuko yao. Sembe ni aina ya unga. Mahakama ilisema 386 ni aina ya prosesa. Miaka ya kazi na fedha nyingi za matangazo zilikuwa zimejenga umaarufu wa kitu ambacho jirani angeweza kukiandika kwenye boksi lake bila kulipa hata senti.

Pentium

Prosesa iliyofuata ilikuwa ikisubiriwa kwa jina la 586. Intel ikaamua kwamba haitaitwa hivyo.

Kazi ya kutafuta jina walipewa wataalamu wa kampuni ya Lexicon Branding ya California, ambayo baadaye ilihusika pia na jina la simu za BlackBerry. Walichoibuka nacho ni Pentium. "Pente" ni tano kwa Kigiriki, kwa hiyo mwenye kukumbuka namba bado anapata 5 yake. Mwisho wa "-ium" unasikika kama jina la madini, mithili ya sodium au titanium, kitu halisi chenye nguvu. Neno lenyewe halikuwamo katika lugha yoyote, na hilo ndilo lililolifanya liweze kusajiliwa. Jina lilitangazwa Oktoba 1992 na prosesa ikazinduliwa Machi 1993.

Sambamba na jina, Intel ilikuwa imeanza jambo jingine mwaka 1991, ambalo pengine ni kubwa zaidi kibiashara. Ni kampeni ya "Intel Inside", yaani Intel imo ndani.

Ugumu wa Intel ulikuwa huu: mteja hanunui prosesa. Ananunua kompyuta, na juu ya kompyuta kuna jina la mtengenezaji wa kompyuta. Prosesa imefichwa ndani kama chumvi ndani ya mchuzi. Anayeuza kitu kinachomezwa na bidhaa ya mwingine hana sauti mbele ya mlaji. Mnunuzi wake mkubwa akipata chumvi ya bei rahisi kwingine, anahama kimyakimya.

Intel iliwaambia watengenezaji wa kompyuta hivi: wekeni nembo yetu kwenye mashine zenu na kwenye matangazo yenu, nasi tutawachangia sehemu ya gharama za matangazo hayo. Fedha ziliwekwa katika mfuko kulingana na kiasi cha prosesa ambacho kila mmoja amenunua. Hadi mwisho wa 1992 kampuni zaidi ya 500 zilikuwa zimejiunga. Mwaka 1994 ikaongezwa ile sauti fupi ya matangazo ambayo watazamaji wa televisheni duniani kote wanaitambua hata wasipokuwa na kompyuta.

Walaji wakaanza kuulizia kitu wasichowahi kukiona kwa macho. Mtengenezaji wa kompyuta aliyetaka kuhama akawa na wasiwasi kwamba mteja ataitafuta stika asiione.

Wakulima wa kahawa wako katika nafasi hiyohiyo ya chumvi, na ndiyo maana mfano wa Ethiopia unafaa kutajwa hapa. Mwaka 2005 nchi hiyo iliomba kusajili Marekani majina ya Yirgacheffe, Sidamo na Harrar kama alama zake za biashara, ili wachoma kahawa wanaoyatumia kwenye pakiti wafanye hivyo kwa makubaliano na wenye majina. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa cha Marekani kilipinga, kwa hoja inayofanana sana na ile ya 386: kwamba hayo ni majina ya aina za kahawa tu. Mvutano na Starbucks uliisha kwa makubaliano Juni 2007. Tofauti ni kwamba Intel ilikuwa na fedha za kuwalipa wanunuzi wake ili waonyeshe jina, na chama cha ushirika hakina.

Jina linabeba na lawama

Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati wa chuo cha Lynchburg, Virginia, aligundua kwamba Pentium inakosea katika baadhi ya hesabu za kugawanya. Kosa lilijitokeza mara chache mno, na Intel ikajibu kwa lugha ya wahandisi: atakayethibitisha kwamba linamwathiri ndiye atakayebadilishiwa.

Jibu hilo lingetosha enzi za namba, wakati wanunuzi walikuwa viwanda. Lakini sasa Pentium ilikuwa jina la nyumbani, na mwenye kompyuta sebuleni hakutaka kuthibitisha chochote. Desemba mwaka huo IBM ikasimamisha kuuza kompyuta zenye prosesa hizo. Siku chache baadaye Intel ikasalimu amri na kukubali kumbadilishia kila atakayeomba. Ikatenga dola milioni 475 kwa ajili hiyo.

Jina halikufa. Likaendelea kuwa Pentium Pro, Pentium II, Pentium III na Pentium 4, kwa sababu kuanzisha neno jipya sokoni ni ghali kuliko kuongeza namba mbele ya neno lililokwisha kujulikana.

Madaraja kama ya kahawa

Prosesa hutengenezwa nyingi kwa pamoja juu ya bamba moja la silikoni. Zikishakatwa hupimwa moja moja. Zinazohimili kasi kubwa hupewa namba ya juu na bei ya juu, zilizo dhaifu kidogo hushushwa daraja. Mkulima aliyewahi kuona kahawa yake ikichambuliwa kuwa AA, AB na PB anaielewa kazi hiyo. Mti ni mmoja, kikapu ni kimoja, bei tofauti.

Lakini katika kahawa hakuna anayeitoboa punje ya AA ili aiuze kama daraja la chini. Katika prosesa hilo hufanyika. Mwaka 1991 Intel ilitoa 486SX ya bei nafuu, ambayo ilikuwa 486 ileile ila sehemu yake ya hesabu za desimali imezimwa. Mteja aliyetaka kuongeza uwezo huo aliuziwa kipande kingine kilichoitwa 487SX. Kipande hicho kilikuwa 486 kamili ndani yake. Kikichomekwa kinaizima ile ya kwanza kabisa. Mnunuzi alikuwa amelipia prosesa mbili ili atumie moja.

Kiuchumi hesabu hiyo inaeleweka. Wapo wateja wa fedha nyingi na wapo wa fedha kidogo, na kiwanda kinataka kuwauzia wote bila kumfanya tajiri ashuke bei. Jina ndilo uzio unaowatenganisha. Hata hivyo hapa ndipo ustadi wa biashara unapoanza kukaribiana na ujanja.

Uzio huo ukapewa jina lake rasmi mwaka 1998. Kompyuta za chini ya dola 1,000 zilikuwa zimeenea na wapinzani walikuwa wakilichukua soko hilo. Intel haikutaka kulishusha jina la Pentium, kwa hiyo ikabuni Celeron kwa wanyonge, na Xeon kwa mashine kubwa za ofisi. Celeron ya kwanza ilinyimwa kumbukumbu ya karibu ya kuharakishia kazi, ikalaumiwa kwa uzito wake. Miezi michache baadaye ikatoka Celeron 300A yenye kumbukumbu hiyo, na mafundi wakagundua kwamba ikichochewa kidogo inakimbizana na Pentium II ya bei kubwa. Uzio ulikuwa na tundu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Intel iliwafundisha wateja kuangalia kasi, gigahezi ngapi. Pentium 4 ilibuniwa ili namba hiyo iwe kubwa, ingawa zile za mwanzo za mwaka 2000 zilishindwa na Pentium III katika baadhi ya kazi. AMD wakajibu mwaka 2001 kwa kuiita prosesa yao Athlon XP 1800+, wakati kasi yake halisi ilikuwa megahezi 1,533. Walikuwa wakimwambia mteja kwamba hii ni sawa na ile ya 1800 ya jirani.

Somo hilo la gigahezi likawarudia waalimu wenyewe. Pentium 4 ilichemka kupita kiasi, na mwaka 2004 mipango ya kuendelea kupandisha kasi yake ikafutwa. Wakati huohuo Pentium M ya kompyuta mpakato ilifanya kazi nzuri kwa kasi ndogo, na Intel haikuwa na namna ya kumweleza mteja kwa nini gigahezi 1.6 inaweza kutosha. Ndipo mwaka 2006 likaja jina Core, na kuanzia 2008 hadi 2010 zikazaliwa i7, i5 na i3.

Zile 3, 5 na 7 hazihesabu kitu chochote ndani ya mashine. Si viini, si kasi, si kizazi. Ni madaraja ya bei tu, na tena madaraja yanayolinganishwa ndani ya kizazi kimoja na aina moja ya mashine. Mapema mwaka 2010 kulikuwa na i7 ya kompyuta mpakato yenye viini viwili wakati i5 ya mezani ilikuwa nayo vinne. Pentium, jina lililokuwa la kifahari, likashushwa chini ya i3.

AMD walipoona kwamba dunia imezoea madaraja hayo, mwaka 2017 wakatoa Ryzen 3, Ryzen 5 na Ryzen 7. Namba, kama mahakama ilivyosema mwaka 1991, haina mwenyewe.

Mchezo wa kuvalisha bidhaa ya zamani jina jipya haukuwa wa upande mmoja. Ryzen 5 7520U ya mwaka 2022 ina namba ya 7000 lakini muundo wake ni wa mwaka 2019. Desemba 2023 Intel iliandaa wasilisho la kuisema AMD kwa jambo hilo. Mwezi uliofuata Intel yenyewe ikatoa Core 7 150U, jina jipya juu ya muundo wa kizazi cha 13.

Mwaka huo wa 2023 ndipo Intel ilipotangaza kuiondoa ile "i", zikabaki Core na Core Ultra. Pentium na Celeron ziliondolewa kwenye kompyuta mpakato mpya, mahali pake pakaandikwa "Intel Processor" tu. Kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika majina ya zamani bado yapo.

Kusoma kilichoandikwa baada ya i7

Kwa mnunuzi wa mashine iliyotumika, cha kutazama ni tarakimu zinazofuata kistari. Katika i5-8250U, tarakimu 8 ni kizazi cha nane. Katika i7-7500U, 7 ni kizazi cha saba. Zikianza na 10, 11, 12, 13 au 14, soma zote mbili: i7-10510U ni kizazi cha kumi, i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Zikiwa tatu tu, kama i7-620M, hiyo ni ya kizazi cha kwanza na umri wake ni mkubwa.

Herufi ya mwisho nayo ina neno. U ni ya kutumia umeme kidogo, inafaa anayehangaika na chaji. H ni ya kazi nzito na hula umeme zaidi. Core Ultra, zilizoanza kuuzwa Desemba 2023, hazifuati hesabu hiyo ya vizazi. Katika Core Ultra 7 155H, ile 1 ya mwanzo ni mfululizo wa kwanza.

Stika hubanduka na hubandikwa, kwa hiyo isitegemewe peke yake. Mashine ikiwashwa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha bonyeza Enter. Katika orodha itakayofunguka, mstari wa prosesa utaonyesha jina kamili, tarakimu zote na idadi ya viini. Kazi hiyo haifiki dakika moja, na hufanyika kabla fedha haijatoka mfukoni.